Kwenda Tanga bila viza

Leo nilikusudia kuendelea na somo letu la hifadhidata. Tulikuwa tumefika kwenye visanduku vya lazima na vile vinavyoweza kuachwa wazi. Nitafika huko, ila kwa njia ya kuzunguka, mnivumilie. Msomaji mmoja wa Ukunda ameniandikia barua pepe: "Kaka, mimi ni Mkenya, nimepata kazi ya kufunga kamera Tanga. Nahitaji viza?"

Jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo hili, na lina aibu yangu ndani yake, ndiyo maana sikuwahi kuliandika.

Ilikuwa Mei 2015. Waliokuwa Diani wakati ule wanajua hali ilivyokuwa. Mwaka mmoja kabla, Mei 2014, serikali ya Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa na pwani yake mpaka Tiwi isipokuwa kwa dharura. Diani yenyewe haikutajwa! Lakini mgeni wa Diani wakati ule aliteremka Mombasa, akapanda feri Likoni, akapita Tiwi, ndipo akafika. Kampuni za utalii ziliwarudisha watu wao kwa ndege, na hoteli zikaanza kufunga mabawa, nyingine zikafunga lango kabisa. Wahudumu wakarudi nyumbani kulima muhogo. Mimi chakula changu kilitoka kwenye programu ndogo za kuandikisha wageni na kutoa bili kwa nyumba za kulala wageni, na nyumba isiyo na mgeni hainunui programu. Nilikuwa na deni la kodi ya miezi mitatu.

Basi mwenye gesti mmoja wa Tanga, jamaa ya mteja wangu wa Diani, aliponipigia simu akitaka programu kama ile, pamoja na kompyuta mbili na kuvuta waya za mtandao vyumba vyote, nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Tatizo ni kwamba mimi waya siziwezi. Mwenye mikono alikuwa kijana mmoja niliyekuwa nikimwita Fundi, na nitamwita hivyo hapa pia. Fundi ni wa Makongeni, upande wa Msambweni. Alikuwa na uwezo wa kupitisha waya katika ukuta wa mawe ya matumbawe usione alipoingilia wala alipotokea. Mimi nikijaribu, chokaa yote chini. Alinifanyia kazi miaka miwili, na kwa hiyo alikuwa ndani ya programu yangu mwenyewe ya mishahara. Sasa hapo ndipo ngoma ilipo. Nilipoiandika programu ile niliweka kisanduku cha namba ya kitambulisho kuwa cha lazima. Usipokijaza, inagoma kuhifadhi. Fundi hakuwa na kitambulisho. Nilifanya nini? Nilimjazia sifuri nane, programu ikaridhika, mshahara ukatoka, nikasahau.

Hakuwa na kitambulisho kwa sababu ni Mmakonde. Kwa msomaji asiye wa huku: Wamakonde wa Kwale asili yao ni Msumbiji. Wazee wao walikuja enzi za Mwingereza kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi. Wakaoa, wakazaa, wakachonga vinyago ambavyo watalii wa Diani wamevibeba mpaka kwao Ulaya. Mkonge ukafa, kiwanda cha sukari cha Ramisi kikafungwa, Kenya ikapata uhuru na katiba mbili, na wao wakabaki bila karatasi. Bila kitambulisho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu kwa jina lako, huandikwi kazi. Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili, amezaliwa Msambweni, mama yake amezaliwa Kwale. Laini yake ya simu ilikuwa kwa jina la jirani. Mshahara wake niliutuma kwa jirani huyo huyo, naye hakukosa "kukata ya soda".

Sasa rudi kwenye sheria, maana msomaji wangu ameuliza sheria. Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, na hilo limo katika itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoanza kutumika Julai 2010. Lakini kutohitaji viza si sawa na kutohitaji karatasi. Tangu Januari 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaweza kutembeleana kwa kitambulisho tu. Tanzania haikuingia katika mpango huo. Kwenda Tanga unahitaji pasipoti au pasi ya muda. Na hata ukiingia kihalali, umeingia kutembea. Kazi, hata ya siku tatu, ina kibali chake na huombwa kabla. Mimi mwaka ule nilikuwa nimesoma kichwa cha habari gazetini, "Wanaafrika Mashariki kusafiri kwa vitambulisho", nikafunga gazeti. Mtu anayejitapa kwamba kazi yake ni kuandika masharti ya "ikiwa hivi, basi vile", hakusoma masharti.

Fundi aliniuliza siku mbili kabla. "Bosi, na mimi nitavukaje?" Nikamwambia usijali, hakuna viza siku hizi. Hakuuliza tena. Nadhani alijua kuliko mimi, ila naye alikuwa na njaa kama mimi.

Tuliondoka na matatu ya alfajiri. Nilipandia Ukunda, yeye Makongeni, na begi la vifaa akalipakata yeye: koleo la kubania vichwa vya waya, drili, boksi la waya na ruta mbili. Begi lile nililiandikisha jina la biashara yangu kwa rangi nyeupe, herufi kubwa, nikijiona kampuni. Kumbukeni ilikuwa mwezi mmoja tu baada ya mauaji ya Chuo Kikuu cha Garissa, na polisi walisimamisha magari. Nilimtazama Fundi anavyofanya. Kabla ya kila kizuizi alikuwa anateremka na kutembea kwa miguu pembeni, kupita nyuma ya vibanda kama mtu anayekwenda shambani, na matatu inamngoja mbele. Makanga wala hakushangaa. "Hawa wa Makongeni ndivyo wanavyosafiri," akaniambia. Kilomita sabini hivi kutoka Ukunda mpaka Lunga Lunga, na yeye kila kizuizi amekizunguka kwa miguu.

Lunga Lunga nilipata pasi ya muda kwa kitambulisho changu na picha mbili. Penye sababu ya safari niliandika "kutembelea jamaa". Huo ulikuwa uongo wa kwanza wa siku ile. Kwa Fundi, kijana wa bodaboda alikuwa na jibu tayari. "Huyu mpe mimi. Mia mbili. Watu wa hapa wanavuka kila siku kwenda sokoni." Na ni kweli, wanavuka. Mdigo wa Lunga Lunga ana shangazi Horohoro, na ng'ombe wake anakula upande wowote wenye majani. Fundi akapanda bodaboda na begi langu mgongoni, wakapotea kwenye njia ya panya. Mimi nikapita langoni na kompyuta yangu, nikagongewa muhuri, nikamkuta ng'ambo amekaa chini ya mwembe anakula karanga. Dakika ishirini tu! Nilicheka. Nilimwambia, unaona?

Tukapanda daladala ya Tanga, mimi mbele, yeye kiti cha nyuma. Kama nusu saa hivi tukasimamishwa, abiria wote chini, karatasi mkononi. Yangu ikatazamwa, ikarudishwa. Fundi akaulizwa yake, akanyamaza. Ofisa, mtu mzima wa makamo, mpole tu, alimtazama Fundi, akanitazama mimi (nadhani niligeuza shingo haraka mno), akaniuliza:

"Ndugu, mko pamoja?"

Nimeandika programu nyingi maishani, na hakuna swali la ndiyo au hapana lililowahi kunichukua muda kama lile, ingawa halikuzidi sekunde mbili. Nilifikiria kodi ya miezi mitatu. Nilifikiria kwamba nikifika Tanga nitapata fundi mwingine. Nikasema, "Hapana, afande. Tumekutana kwenye gari."

Ofisa hakubishana nami. Alinyosha kidole kwenye begi alilokuwa amelipakata Fundi. Herufi nyeupe, kubwa. Kisha akasoma kwa sauti jina lile lile lililokuwa kwenye fulana niliyovaa.

Abiria walicheka. Fundi hakucheka, wala hakunitazama. Aliangalia begi.

Tulirudishwa Horohoro sote wawili. Kwangu mambo yalikuwa mafupi: umesema unatembelea jamaa, una ruta mbili, drili na mita mia tatu za waya, jamaa gani huyo? Pasi yangu ikafutwa. Nilistahili, na niseme ukweli, hakuna aliyetuomba hata shilingi. Kwa Fundi hayakuwa mafupi.

"Wewe raia wa wapi?"

"Kenya."

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Kabila gani?"

"Mmakonde."

Hapo yule ofisa akakunja uso kama mtu aliyepata hesabu isiyojibika. "Wamakonde ni wa kwetu, bwana. Wa Mtwara. Newala, Tandahimba. Kijiji chenu kipi?" Fundi akasema Makongeni. Hakuna Makongeni ya Mtwara anayoijua, akasema. Mwenzake akadakia, labda ni wa Msumbiji. Wakamsemesha Kimakonde, naye akajibu, lakini kumbe Kimakonde chake ni cha bibi yake, kimechanganyika na Kidigo, wakaangua kicheko, si kwa ubaya. Mmoja akasema huyu hata Mmakonde wa kweli si. Jioni ikaamuliwa arudi alikotoka. Upande wa Kenya akaulizwa maswali yale yale, na jibu likawa: hatuwezi kumpokea mtu asiye na karatasi kwa kuwa tu kasema yeye ni Mkenya, kila mtu angesema hivyo. Kwa sheria wako sawa. Tanzania haimtaki kwa sababu si wake, Kenya haimpokei kwa sababu hana cha kuonyesha. Msumbiji iko mbali kilomita mia kadhaa na hajawahi kuiona.

Mimi nilikuwa huru kwenda nyumbani. Nataka hilo lieleweke, maana wengine nikiwasimulia wanafikiri nami nilizuiliwa. Sikuzuiliwa. Nilikaa kwa sababu niliona haya kuondoka.

Tulilala kwenye benchi kati ya malango mawili. Mbu, malori, na simu yangu, ambayo usiku kucha ilikuwa inadaka mtandao wa huku, mara wa kule, na kila ikibadilisha inapokea ujumbe: karibu Tanzania. Baada ya dakika tano, karibu tena nyumbani. Karibu Tanzania. Mpaka betri ikafa. Laini ya Fundi pia ilikuwa inakaribishwa pande zote, ile iliyosajiliwa kwa jina la jirani.

Usiku ule nilikuwa na wakati wa kufikiria mpaka wenyewe. Ulichorwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani wakigawana. Walikubaliana kwamba kutoka mdomo wa mto Umba, pale karibu na Vanga, mstari uende moja kwa moja mpaka ziwa Jipe. Nukta mbili na rula. Mimi pia ndivyo ninavyochora mstari kwenye skrini: unaiambia kompyuta huku na huku, inajaza katikati, haiulizi katikati pana nini. Katikati palikuwa na Wadigo, Wasegeju, Wavumba. Wao angalau wanajulikana pande zote mbili, kila upande una orodha yenye jina lao. Wa Fundi hawakuwa kwenye orodha ya upande wowote.

Nilijaribu kumwomba radhi. Nikaanza, "Fundi, pale kwenye gari..." Akasema, "Bosi, lala."

Kabla betri haijafa nilikuwa nimempigia jirani, jirani akamwambia mama. Saa mbili asubuhi mama yake akafika na matatu ya kwanza, amejifunga leso, mkononi ana mfuko wa plastiki uliokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na kadi ya kliniki ya Fundi, ya hospitali ya Msambweni, ya mwaka 1993: tarehe ya kuzaliwa, uzito, chanjo zote zimewekwa alama. Aliitunza miaka ishirini na miwili. Akaiweka juu ya meza ya ofisa wa zamu ya asubuhi, mzee wa Kidigo karibu na kustaafu, akasema, "Baba, huyu nimemzaa hapo. Mkinirudishia mwana, kadi mnaweza kubaki nayo."

Yule mzee aliisoma kadi yote, pande zote mbili. Kisha akaanza kuzungumza na Fundi kwa Kidigo: shule gani, mwalimu mkuu nani, babu alikata miwa kipande gani cha Ramisi. Fundi alijibu mpaka jina la nyapara. Mzee akaandika katika daftari, kwa kalamu, mistari mitano hivi, akamwambia mama, "Kadi yako chukua. Utaihitaji." Tukapita.

Kadi ile haikuwa kitambulisho, na mzee yule alijua. Kwenye programu yangu isingeingia popote, sikuwa na kisanduku cha "mama yake amekuja".

Kazi ya Tanga ilienda kwa mtu mwingine. Kodi nikalipa kwa kuuza kompyuta yangu. Fundi alichukua ujira wake wa siku mbili, sikuthubutu kumpa pungufu, na hakupokea simu zangu kwa miezi mingi. Nilisikia yuko Ukunda anafunga madishi.

Nilimwona tena Oktoba 2016, na si uso kwa uso. Ni kwenye habari. Wamakonde wa Kwale waliamua kutembea kwa miguu kwenda Nairobi kudai vitambulisho, wazee, kina mama, vijana. Nilitazama video kwenye simu nikiirudisha nyuma mara kadhaa, na nina hakika yule wa tatu kutoka kushoto, mwenye kofia, ni yeye. Nikakumbuka vile vizuizi, anavyoteremka na kupita nyuma ya vibanda. Safari hii alikuwa katikati ya barabara. Rais Uhuru Kenyatta aliwapokea Ikulu, akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka kwisha, na Februari 2017 wakatambuliwa rasmi kuwa kabila la 43 la Kenya. Zaidi ya watu elfu moja walipata vitambulisho. Wapemba wa pwani, ambao wengi ni wavuvi na wengine huku huku kwetu Shimoni na Vanga, walingoja mpaka Julai 2023.

Siku moja mwaka 2017 nikapata ujumbe kutoka namba nisiyoijua. Hakuna salamu, hakuna jina. Namba nane tu. Nilizitazama kama dakika nzima ndipo nikaelewa. Nikafungua ile programu ya mishahara, nikamtafuta, nikafuta zile sifuri nane na kuandika namba zake. Kisha nikampigia. Alipokea.

Ndiyo, na kisanduku kile tangu siku hiyo si cha lazima katika programu zangu. Wateja wengine wanalalamika. Tutalijadili katika somo lenyewe.

Mwaka 2018 tulipata kazi nyingine Tanga, kubwa kuliko ile. Safari hii mwenye kazi alituombea kibali mapema, karatasi zote kwenye bahasha, pasipoti mbili mpya. Fundi alipogongewa muhuri aliusoma, akapuliza wino ukauke, akasoma tena. Foleni nyuma yetu ilianza kunung'unika. Mimi nilikuwa nimeshapita, namngoja upande wa pili wa kaunta, na begi lile lile la herufi nyeupe safari hii nimelibeba mimi.

Dada wa kaunta akaninyoshea kalamu, akamuuliza Fundi, "Mko pamoja?"

Fundi akanitazama juu mpaka chini, akachukua muda wake.

"Huyu? Hapana, dada. Tumekutana kwenye gari."